Neno la Siri Nililompa Meneja

Nilimpa meneja neno langu la siri kwa sababu aliniomba kwa upole. Najua hiyo si sababu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Angenifokea, pengine ningekataa. Alikuja tu akasimama kando ya meza, kofia mkononi kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa, akasema, "Dada, hebu niandikie ile password yako kwa kikaratasi. Siku ukiwa mgonjwa tutafanyaje?"

Nikachana ukingo wa daftari, nikamwandikia. Akakunja kile kikaratasi mara mbili, akakitia mfuko wa shati.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mjini Kitui, msimu ambao mvua ya Novemba ilinyesha siku tatu halafu ikakata. Nilikuwa karani wa kompyuta katika ofisi ndogo ya chakula cha msaada, vyumba viwili nyuma ya duka la misumari na mabati. Kazi yangu ilikuwa kupokea fomu kutoka mashambani, fomu zilizojazwa kwa kalamu, nyingine zimelowa jasho, nikaandika majina kwenye kompyuta: mkuu wa familia, watoto wangapi, wazee wangapi, kijiji gani. Orodha hiyo ikifika Nairobi ndiyo iliyoamua magunia yapakiwe mangapi na lori liende wapi. Jina likikosekana kwenye orodha, mtu hapati, hata akisimama mbele ya lori mchana kutwa.

Awali orodha zilikuwa zinakwenda kwa disketi. Nilikuwa nazifunga kwa gazeti, nazitia kwenye bahasha, namkabidhi dereva wa basi la asubuhi. Mara mbili disketi zilifika zimeharibika kwa joto la dashibodi, hazifunguki, na watu wa Zombe wakakaa wiki mbili zaidi bila chakula. Ndipo Nairobi wakaamua kwamba faili zitumwe kwa njia ya simu.

Aliyekuja kutufungia mtambo alikuwa mwanamke, fundi wa kompyuta, mzaliwa wa Mombasa. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamke akilala chali chini ya meza akiwa na bisibisi mdomoni. Kiswahili chake kilikuwa kile ambacho sisi tulikisikia redioni tu. Alileta kisanduku cheusi chenye taa nyekundu, modemu, akakiunganisha na waya wa simu. Kwa kuwa simu ilikuwa moja, nayo ilikuwa mezani kwa meneja, na waya ulikuwa mfupi, ilibidi kompyuta yangu ihamie chumba chake. Toka siku hiyo nikawa nafanya kazi mgongo wangu ukimwelekea.

Fundi alinikalisha kitini akanionyesha programu ya kutumia. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na nafasi tatu za kujaza. Ya kwanza ilikuwa ya anwani ya seva, ambayo ni ile kompyuta kubwa ya Nairobi inayopokea faili za ofisi zote. Ya pili ilikuwa ya jina la mtumiaji. Ya tatu ilikuwa ya neno la siri. Siku hizi vijana wanaita nywila. Ukiandika neno hilo, kioo hakionyeshi herufi, kinaonyesha nyota.

"Jina lako kule litakuwa hili," akasema, akaandika jina la mji na namba. "Neno la siri chagua mwenyewe. Hata mimi usinambie."

Nikachagua jina la ng'ombe mmoja wa baba, nikaongeza namba mbili. Akageuka akatazama ukutani mpaka nilipomaliza.

"Sasa sikiza, dadangu. Kila faili itakayoingia kwa jina hili na neno hili, seva itaandika kwamba ni wewe uliyeileta. Siku gani, saa ngapi. Ni kama sahihi yako. Na jambo la pili: faili mbili za jina moja hazikai pamoja. Ukituma ya pili kwa jina lile lile, inaifuta ya kwanza. Kwa hivyo tuma mara moja, tuma iliyo sahihi."

Mchana tukaenda kula hoteli iliyo karibu na soko, mimi na yeye. Hakukuwa na menyu. Mama mwenye hoteli alisimama mlangoni akataja vyakula kwa mdomo. Nikaagiza muthokoi, mahindi yale yaliyokobolewa, yamepikwa na maharagwe na mafuta kidogo. Fundi alikuwa hajawahi kukila. Akauliza jina lake, nikalitamka, akalirudia vizuri kabisa, akaomba sahani ya pili. Jioni akapanda basi akarudi Nairobi. Sikumwona tena kwa macho mpaka leo, ingawa sauti yake nilikuja kuijua kama ya ndugu.

Nimweleze na meneja. Alikuwa mtu wa Makueni, upande wa milimani, mzee wa kanisa, mtu aliyefunga kifungo cha juu cha shati hata kwenye joto. Ndiye aliyeniajiri nilipotoka kijijini kwetu Tulia nikiwa na cheti cha kupiga chapa na mtoto mgongoni. Watu wengine walikuwa wameniuliza baba wa mtoto yuko wapi. Yeye aliuliza tu kama najua kutumia vidole vyote kumi. Kwa hiyo alipoomba neno la siri, hata sikuwaza mara mbili. Nilihisi nikimnyima nitakuwa mkosefu wa adabu.

Ijumaa iliyofuata nilituma orodha ya wilaya tatu, Kitui, Mwingi na Makueni, kama saa sita kasoro. Modemu ilipiga kelele zake, ikalia kama redio inayotafuta stesheni, kisha ikanyamaza na faili ikaanza kwenda. Ilipomalizika nikazima, nikaaga. Saa saba nilikuwa ndani ya gari naelekea Tulia kumwona mama, ambaye miguu ilikuwa imemvimba.

Alhamisi ya wiki iliyofuata afisa wetu wa mashambani akaingia ofisini. Huyo alikuwa kijana wa familia ya Kiislamu, watu wa mifugo waliotoka kaskazini mashariki zamani wakakaa upande wa Mwingi. Alizunguka na pikipiki kutoka Nuu hadi Zombe, na fomu zote za huko alizijaza yeye. Siku hiyo vumbi lilikuwa limemfunika mpaka kope. Hakusalimia.

"Mama, watu wa Nuu uliwaweka wapi?"

"Wako kwa orodha."

"Hawako. Jana wamekaa kwa jua tangu asubuhi. Lori lilikuja na magunia ya vijiji vingine, ya Nuu hakuna hata moja. Nimesoma orodha mbele yao mara tatu. Kurasa mbili nzima hazipo. Unajua mtu akikuangalia na unamwambia jina lake halipo, na wewe ndiye ulimwandika?"

Nikawasha kompyuta. Nikafungua faili niliyotuma: watu wa Nuu walikuwemo wote, kurasa mbili kamili. Nikamgeuzia kioo aone. Akasoma jina moja moja huku akifuata kwa kidole. Kisha akatoa mfukoni nakala iliyokuja na lori, akaitandaza mezani.

Pale palipostahili kuwa Nuu palikuwa na majina ya watu nisiowajua, wa kijiji cha milimani huko Makueni. Wengi wao walikuwa na jina la ukoo la meneja.

Kiti cha meneja kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwenda kwa mkuu wa wilaya. Mimi na afisa tukatazamana. Hakuna aliyesema jina la mtu. Akachukua helmeti yake.

"Mimi nimeripoti Nairobi kwa simu ya posta," akasema. "Nimesema tu kile nimeona. Sijasema ni nani. Lakini watakuuliza wewe, kwa sababu ni jina lako."

Usiku ule sikula. Asubuhi ya Ijumaa nilifika ofisini mapema, nikamkuta meneja ameshafika, anasoma gazeti. Aliniuliza hali ya mama. Nikamwambia miguu imepungua kidogo. Nilikaa nikaanza kuandaa orodha ya wiki hiyo, nikaongeza Nuu juu kabisa, peke yake, iwe ya kwanza. Mwisho wa kupokea orodha kule Nairobi ulikuwa saa nane mchana. Baada ya saa nane, storini wanafunga hesabu ya magunia, na Jumamosi alfajiri malori yanaondoka.

Saa nne nikajaribu kutuma. Programu ikakataa, ikaandika kwamba sina ruhusa. Nikajaribu tena baada ya nusu saa, ikawa vile vile. Meneja akauliza kutoka nyuma, "Kuna shida?" Nikasema laini ni mbaya.

Saa saba simu ikalia. Meneja akaipokea, akasikiliza, uso wake haukubadilika. Akanipa mkono wa simu. "Ni ya Nairobi. Wanataka wewe."

Alikuwa yule fundi. Hakunisalimu kwa furaha kama siku zote.

"Dadangu, jina lako limefungwa tangu asubuhi. Wakubwa wameamua kwamba Kitui haitapokelewa chochote mpaka ijulikane aliyebadilisha orodha ya juma lililopita. Nimewaomba wanipe muda nizungumze nawe. Seva imeandika hapa kwamba faili mbili ziliingia. Moja imeingia saa sita kasoro dakika ishirini. Nyingine, kwa jina lile lile, imeingia saa nane kasoro dakika kumi. Hiyo ya pili, ulikuwa ofisini?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Ndiyo. Nilikuwa Tulia."

Nyuma yangu gazeti halikugeuzwa ukurasa.

"Kuna mtu mwingine anayelijua neno lako la siri?"

Kusema ndiyo kulikuwa ni kukiri kosa langu mwenyewe, maana alinikataza. Kusema hapana kulikuwa ni kukubali kwamba ni mimi.

"Ndiyo," nikasema.

Kisha sauti yake ikashuka.

"Yuko hapo chumbani?"

"Ndiyo."

"Basi usiseme neno jingine ila ndiyo au hapana. Orodha sahihi unayo, pamoja na watu wa Nuu?"

"Ndiyo."

"Nitakufungulia sasa hivi, kwa dhamana yangu mimi. Lile neno la zamani nalifuta, nakuwekea jipya. Siwezi kukutajia herufi, utazirudia na atasikia. Wakumbuka chakula tulichokula siku ile?"

"Ndiyo."

"Ndicho hicho. Herufi ndogo zote, hakuna namba. Lakini tahadhari: wamebana sana leo. Una nafasi tatu. Ukikosea mara ya tatu mlango unajifunga mpaka Jumatatu, na Jumatatu malori yameshaondoka. Mimi mwenyewe sitakuwa na ruhusa ya kuufungua. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Weka simu chini, nipe dakika kumi. Kisha tuma."

Nikaweka simu. Modemu na simu vilitumia waya mmoja. Nikianza kutuma sitaweza kuzungumza naye, na nikitaka kuzungumza naye lazima nikate. Kupata laini ya Nairobi siku za Ijumaa kungeweza kuchukua saa nzima.

"Anasemaje?" meneja akauliza.

"Anasema nijaribu tena baada ya dakika kumi."

Akainuka, akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Nilinusa sabuni ya shati lake. Tulikaa hivyo dakika zote kumi, mimi nikitazama taa nyekundu za kile kisanduku, yeye akitazama kioo. Saa saba na dakika ishirini na tano nikabofya. Modemu ikapiga, ikalia, ikatulia. Zile nafasi tatu zikatokea.

Mkono wake ukapita begani kwangu, ukaweka kile kikaratasi juu ya kibodi. Kilikuwa kimechakaa kwenye mikunjo.

"Andika hii," akasema. "Ndiyo ile yako."

Ningemwambia nini? Kwamba nina nyingine? Nikaandika jina la ng'ombe wa baba na namba zake mbili, nikijua kabisa ninachofanya, na ile nafasi ya kwanza ikaenda hivyo, kwa woga. Kioo kikaandika kwamba si sahihi.

"Wamekubadilishia," akasema polepole.

Nikakisukuma kile kikaratasi kando ya kibodi.

"Na wamekupa nyingine. Ndiyo maana ulikuwa unasema ndiyo, ndiyo, kama mtoto wa shule."

Nikaweka vidole juu ya kibodi nikaandika m-u-t-h-o-k-o-i kwa kasi niliyofunzwa kwenye taipureta, vidole vyote kumi. Yeye alijua kuandika kwa vidole viwili tu, na nilijua hawezi kufuata. Nyota nane zikajipanga. Nikabofya.

Si sahihi.

Saa saba na nusu ilikuwa imepita. Nikabakiwa na moja.

Meneja akavuta kiti akakaa karibu nami, magoti yetu karibu yagusane. Nilidhani atanikaripia. Alivua kofia akaiweka juu ya goti.

"Dada, wewe hujafika kwetu," akasema. "Ungefika ungeelewa. Miezi mitatu sasa naandika barua Nairobi, wanajibu kwamba Makueni ya milimani bado haijachunguzwa. Haijachunguzwa! Mama mkwe wangu anachemsha majani. Nikienda kanisani huko wananitazama, wanasema huyu ndiye anagawa chakula, na watoto wetu wamelala njaa. Nuu wamepata mara nne. Nikaona, wakikosa mara moja hawatakufa."

"Waliketi kwa jua siku nzima, mzee."

"Najua." Akafuta uso kwa kiganja. "Wiki hii nusu kwa nusu. Ukurasa mmoja Nuu, ukurasa mmoja kwetu. Ni wewe tu unaweza."

Ninaandika haya nikiwa nimezeeka, na bado sijui kama alikosea kabisa katika hayo aliyoyasema. Watu wake walikuwa na njaa kweli. Lakini nilikuwa nimemwona yule kijana wa pikipiki akisoma majina kwa kidole, na orodha ilikuwa inakwenda kwa jina langu.

"Siwezi," nikasema.

Akanyoosha mkono akaushika waya wa simu, pale ulipoingia ukutani. Hakuuvuta. Aliushika tu, kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi.

Nikageukia kioo. Kichwa kilianza kuwaza, pengine kwa sababu hakukuwa na lingine la kufanya. Fundi hakusema uongo: ni kile chakula. Herufi ndogo, ndiyo, niliweka ndogo. Basi kosa liko wapi? Nikaiona tena ile hoteli, mama mwenye hoteli mlangoni, mimi nikitamka na yeye akirudia. Hakuwahi kuliona jina hilo limeandikwa. Alilisikia tu. Na sisi Wakamba tunapoandika t na h, tunazitamka kama mwanzo wa neno dhahabu. Ni mazoea yetu ya shule za misheni, mtu wa nje hayajui. Mtu wa Mombasa akiisikia sauti ile, mkono wake utaandika d na h.

Au ataandika z? Nikajiuliza. Wengi wa Nairobi wangeandika z. Lakini yeye hakuwa wa Nairobi. Yeye hata "dhamana" aliitamka mpaka ukaisikia ile dh ikigusa meno.

Saa nane kasoro robo. Mkono wa meneja ulikuwa bado kwenye waya.

Nikaandika herufi moja moja safari hii, polepole, kwa kuogopa kidole kuteleza. M, u, d, h, o, k, o, i. Alikuwa na uwezo wa kuzisoma zote kwenye kibodi, na najua alizisoma. Sikuwa na nafasi ya kujali. Nikafumba macho nikabofya.

Modemu ilikuwa kimya. Nilipofungua macho kioo kilikuwa kimebadilika, nilikuwa ndani. Nikachagua faili, nikaituma. Kile kimstari cha kuonyesha faili inavyokwenda kikaanza kusogea, kidogo sana, kama siafu.

Ilichukua dakika tisa. Angevuta waya katika dakika hizo, faili ingekatika katikati na laini isingepatikana tena kabla ya saa nane. Yeye alijua hivyo, na alijua kwamba najua. Sikumtazama usoni. Nilitazama vidole vyake. Vilikuwa vimekaza, kucha zimekuwa nyeupe. Nje ya dirisha mtu alikuwa anapakua mabati, yakigongana. Kimstari kilipopita katikati, nikasema, bila kupanga, "Fomu za kwenu ziko wapi? Kama kuna fomu zilizojazwa vizuri, nitaziandika hata leo, nitazipeleka kwa jina la Makueni. Waziangalie wenyewe."

Mkono wake ukalegea. Ukaachilia waya, ukarudi kwenye kofia.

Kimstari kikafika mwisho. Ilikuwa saa nane kasoro dakika nne.

Meneja akarudi mezani kwake, akafungua gazeti, akalikunja, akalifungua tena. Saa tisa akaondoka. Akiwa mlangoni alisema, "Umefanya kazi yako," na mpaka leo sijui alilisema kwa uchungu au kwa kweli.

Wiki iliyofuata walikuja watu wawili kutoka makao makuu. Wakamhoji yeye, wakanihoji mimi. Nilisema yote, pamoja na kikaratasi. Meneja hakukana, aliwaambia kwamba neno la siri aliliomba yeye na mimi sikujua atakalolifanyia. Aliachishwa kazi mwezi huo huo. Mimi nilipewa barua ya onyo, na niliistahili. Fundi naye alikaripiwa kwa kunifungulia bila ruhusa ya maandishi. Aliniambia kwa simu akicheka, lakini kicheko hakikuwa kirefu. Nikamwuliza ilikuwaje akaandika chakula chetu kwa dh. Akashangaa. "Kwani chaandikwa vipi?"

Afisa wa mashambani aliniomba tuende Nuu pamoja siku ya ugawaji. Nilipanda nyuma ya pikipiki yake, kitambaa kimenifunga kichwa na mdomo. Magunia yalikuwepo, majina yalikuwepo. Watu walipokea, wakaweka vidole gumba kwenye wino, wakaenda. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua mimi ni nani. Lakini mama mmoja, mjane, mrefu, alikaa chini kando ya gunia lake bila kulibeba. Afisa akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ile wiki ya katikati alikuwa ameuza maksai wake wawili wa kulimia kwa mfanyabiashara aliyepita, apate unga.

Nikamwendea, nikamsalimia kwa Kikamba, nikamwambia mimi ndiye ninayeandika majina ofisini, na kwamba wiki ile majina yao yaliondolewa kwa sababu nilikuwa nimezembea.

Akaniinulia macho.

"Umekuja na miguu yako kuniambia?"

"Ndiyo, mwaitu," nikajibu, kama tunavyomwita mama kwetu.

"Basi nisaidie kubeba," akasema.

Tukalibeba lile gunia, yeye upande huu, mimi upande ule, mpaka kwake. Palikuwa mbali kuliko nilivyodhania. Zizi lilikuwa wazi. Mvua iliponyesha Machi alilima kwa jembe la mkono, na afisa aliniambia kwamba alipanda robo tu ya shamba.

Fomu za Makueni ya milimani zilianza kuja wiki tatu baada ya ile Ijumaa. Aliyezileta hakuwa meneja, alikuwa chifu, lakini mwandiko niliufahamu. Niliziandika zote, na lori la kwanza la halali likapanda ule mlima mwezi uliofuata.

Miaka miwili mitatu baadaye kanisa letu lilialikwa kwenye mkutano wa akina mama huko huko Makueni ya milimani. Tulikaa kwenye mabenchi chini ya turubai, wageni mbele. Wakati wa ushuhuda akasimama mama mmoja mwenye mtoto mkubwa wa kutosha kusimama peke yake. Akasema mwaka wa njaa mtoto yule alikuwa ameacha kulia, na mtoto akiacha kulia unajua ni nini. Kisha siku moja, akasema, lori likaja kwao likiwa na majina yao, na wao hawakuwa wameandikwa na mtu yeyote, hakuna afisa aliyefika, hakuna fomu iliyojazwa. "Mungu mwenyewe alituandika," akasema, akambeba mtoto juu tumwone.

Akina mama wakapiga vigelegele. Meneja alikuwa amekaa safu ya wazee, upande wa pili, mvi zimemjaa. Alikuwa ameinamisha kichwa. Sijui kama aliniona.

Mchungaji akasema tuseme amina. Nilimfikiria yule mjane wa Nuu na zizi lake. Nikamtazama yule mtoto, ambaye alikuwa anavuta kitambaa cha mama yake ashushwe chini.

Nikasema amina pamoja na wengine.